Kipande cha babu na kitufe cha "Kubali"

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana kweli kweli. Leo siandiki juu ya simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumze historia kidogo, tena historia ya hapa hapa Kenya, kwa sababu kuna neno ambalo nimelisikia mara nyingi katika hii kazi yetu na hata mimi nimelisema: kwamba Wakenya hawajali data zao. Eti mtu wa kwetu ukimwonyesha mkopo wa shilingi mia tano atabonyeza "Kubali" bila kusoma hata mstari mmoja, basi mambo ya faragha tuwaachie Wazungu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipotoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya tarakilishi, kazi ya kwanza ya maana niliyopata ilikuwa katika kampuni ndogo ya kukopesha watu pesa kwa simu. Sitaitaja jina. Nilipewa kuandika ile sehemu ya programu inayosoma namba zote zilizohifadhiwa katika simu ya mteja na kuzituma kwenye seva yetu. Haikuwa kazi ngumu. Android ikishaonyesha kisanduku cha kuomba ruhusa na mteja akikubali, yaliyobaki ni mistari kama arobaini. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilipouliza namba hizo ni za nini, niliambiwa ni za kupima uaminifu wa mteja. Nikaridhika, nikaenda kula.

Miezi michache baadaye shangazi yangu, mama ambaye hajawahi kukopa kwa simu maishani mwake, alipigiwa na kijana asiyemjua akaambiwa amhimize mtoto wa jirani yake alipe deni. Alipigiwa mara nne siku hiyo hiyo. Mara ya nne alikuwa kanisani. Kijana aliitaja programu iliyokuwa ikidai, na ilikuwa ni yetu.

Nilipomweleza mama yangu jinsi namba ya shangazi ilivyofika huko, aliniangalia kwa muda kisha akasema, "Kwa hivyo wewe ndiye karani." Sikumwelewa. Kumbe alikuwa anamzungumzia karani wa kipande, mtu ambaye babu yake hakumsamehe mpaka alipokufa.

Wengi wetu tulisoma kipande shuleni katika aya mbili za somo la historia, tukakariri mwaka, tukafanya mtihani, tukasahau. Mimi nimekirudia nikiwa mwandishi wa programu na nimekiona kwa jicho lingine kabisa. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza utekelezaji wake ulingoja hadi vita vilipokwisha, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuandikishwa, kuchukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi. Karatasi hiyo ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikivaa kwa kamba shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo peke yake linatosha kukuambia walivyokiona.

Lakini tazama ndani ya kile kikebe kulikuwa na nini. Jina, kabila na mahali mtu anakotoka, sawa. Halafu jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, tarehe ya kuacha kazi, na sahihi ya mwajiri. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Ukitaka kuacha kazi kwa bwana mmoja, lazima yule bwana atie sahihi kwamba amekuruhusu. Asipotia, hakuna mwajiri mwingine anayeweza kukuandika kihalali, na ukiondoka bila sahihi wewe ni mtoro, na kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Mshahara wako wa zamani nao umeandikwa pale, kwa hivyo mwajiri mpya anajua kabla hujafungua mdomo kwamba ulikuwa ukilipwa kidogo. Huwezi kujadiliana naye. Karatasi imeshajadiliana kwa niaba yako, na imeshindwa.

Na nakala nyingine ilikuwa Nairobi. Huko ofisini kuliwekwa alama za vidole za wote walioandikishwa, zikapangwa kwa utaratibu uliotoka India ya Waingereza, ambako polisi wa Bengal chini ya Edward Henry walikuwa wameutengeneza mwishoni mwa karne ya 19. (Hesabu zenyewe za kupanga zile alama zilifanywa kwa sehemu kubwa na maafisa wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa mfumo ukabaki na jina la Henry. Wenzangu mnaoandika msimbo huku jina la bosi likiwekwa juu, mpo?) Ukibadilisha jina na kutupa kikebe, vidole vyako bado vinasema wewe ni nani. Kwa lugha ya kazi yangu, hii ilikuwa hifadhidata yenye nakala kuu makao makuu, nakala ndogo shingoni mwa kila mtu, na ufunguo ambao mwenyewe hawezi kuubadilisha. Yote hayo kabla ya kompyuta. Katika miaka kumi ya kwanza mamia ya maelfu ya wanaume waliandikishwa namna hiyo.

Babu yake mama alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi kwa mlowezi karibu na Nakuru. Hadithi aliyoisimulia mara nyingi haikumhusu yule mzungu. Ilimhusu karani, kijana Mwafrika mwenye kaptura safi, aliyemshika vidole kimoja kimoja na kuvibingirisha kwenye wino. Babu alimwuliza, "Hii inaenda wapi?" Karani akajibu kwamba yeye hajui, yeye ameambiwa achukue tu. Kipande kilipoondolewa, babu alikitupa chooni pamoja na kikebe chake. Leo katika ukoo wetu hakuna picha ya mzee huyo hata moja. Karatasi pekee iliyowahi kuandika habari zake ni ile aliyoitupa.

Sasa rudini pamoja nami mwaka 1921. Nairobi kulikuwa na kijana anaitwa Harry Thuku, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu katika idara ya hazina ya serikali. Ndiyo, mtu wa mitambo ya mawasiliano, kama sisi. Alianzisha chama kilichokuja kuitwa East African Association, na kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yake makubwa, pamoja na kodi ya nyumba, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu na Hoteli ya Norfolk, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatangulia wanaume waliokuwa wameanza kusitasita. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao, na yeye kama mwanamke hakuwa hata na kipande. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Nikiyasoma malalamiko ya miaka ile, sioni popote watu wakilia kwamba jina lao limejulikana. Kijijini kila mtu anajua jina lako, la baba yako na deni la baba yako. Kilichowauma ni kwamba habari zao zilikuwa mkononi mwa mtu mwenye nguvu juu yao, akiziandika yeye, akizisoma yeye, nao hawana la kusema. Hebu lishikeni jambo hilo, kwa maana tutalihitaji tukifika kwenye simu.

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo vitabu vyetu vya shule huipita haraka, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliondoa mfumo wa zamani ikaleta sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote: Mwafrika, Mhindi, Mwarabu, Mzungu. Wote kwa vidole. Basi walowezi wakawaka moto! Watu wale wale ambao kwa zaidi ya robo karne waliona kikebe shingoni mwa mfanyakazi ni jambo la kawaida tu la utawala, sasa wakaona kutia kidole kwenye wino ni kufanywa wahalifu. Kelele zilikuwa nyingi hata ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Sir Bertrand Glancy. Mwisho wake ulikuwa nini? Anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza, akatia sahihi na kutoa picha, asichukuliwe alama za vidole. Mnaelewa wenyewe mlango huo uliwafaa akina nani. Mimi nacheka, lakini pia naona kwamba walowezi walikuwa wamesema kweli bila kutaka. Waliujua uzito wa ile alama ya kidole tangu zamani. Hawakuusema ulipokuwa juu ya mwenzao.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya zaidi. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuja kubebeshwa vitabu vya pasi vya kuwazuia kutembea. Baada ya uhuru kitambulisho kilibaki, na sheria iliporekebishwa mwaka 1978 wanawake nao wakaingizwa. Mama yangu ana kitambulisho, anakitunza ndani ya Biblia, na hajawahi kukilalamikia. Kitambulisho kinampa kura, akaunti ya benki na hospitali. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba watu wa kwetu wana hofu ya kuandikwa. Hapana.

Tazameni M-Pesa ilivyoingia Machi 2007. Kwa miaka mingi ukienda kwa wakala kutoa pesa ulikuta daftari kubwa: andika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, tia sahihi. Mtu wa nyuma yako anasoma yote akingoja zamu yake. Mtaalamu yeyote wa usalama wa data angezimia. Lakini watu waliandika bila kunung'unika, na mimi nilikuwa nikisema ni kwa sababu hawajui hatari. Mama alinisahihisha. Siku moja wakala alidai kwamba mama alikuwa ameshachukua shilingi 2,000 zake, na mama akataka daftari lifunguliwe. Likafunguliwa, sahihi yake haikuwepo, akapewa pesa zake. Kwake lile daftari lilikuwa shahidi wake. Liko mezani, analiona, anaweza kuliweka kidole na kusema hapa mmekosea. Babu yake hangeweza kufanya hivyo na kipande.

Usajili wa laini za simu ulipoanza mwaka 2010 manung'uniko yalikuwepo, lakini wengi walikubali. Kumbukumbu ya jumbe za chuki za 2007 na 2008 ilikuwa bado mbichi, na wakora wa kuomba fidia kwa simu walikuwa wamewachosha watu. Tusikae hapo.

Huduma Namba ndiyo iliyoleta kipande tena midomoni mwa watu. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 iliruhusu hata DNA na mahali mtu anakoishi kwa vipimo vya setilaiti. Mahakama Kuu ikazuia hayo mawili tarehe 1 Aprili 2019, ikasema pia watu wasilazimishwe, na uandikishaji ukaendelea. Nilipanga foleni siku za mwisho kama wengine, wala si kwa mapenzi: uvumi ulikuwa kwamba usipokuwa na namba utafungiwa laini ya simu. Zaidi ya watu milioni 36 waliandikishwa. Waliokwenda mahakamani walikuwa pamoja na Nubian Rights Forum, na hoja yao inafaa kusikilizwa na kila anayebuni mifumo. Wanubi wa Kenya wameishi hapa kwa zaidi ya karne moja, lakini kupata kitambulisho kwao kumekuwa ni kuhojiwa na kuzungushwa. Hofu yao haikuwa kuchunguzwa tu. Waliogopa pia kwamba mfumo mpya ukijengwa juu ya vitambulisho vya zamani, asiyekuwa nacho atatoweka kabisa. Yaani kuna watu wanaoumizwa kwa kuandikwa na kuna wanaoumizwa kwa kutoandikwa, na mara nyingine ni mtu yule yule.

Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, baada ya data za mamilioni kukusanywa. Januari 2020 mahakama ikasimamisha mpango mpaka kuwe na kanuni za kutosha, na Oktoba 2021 ikasema kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza.

Halafu Julai 2023 wakaja Worldcoin na ile tufe yao inayopiga picha mboni ya jicho. Mnakumbuka foleni za KICC. Ukitoa jicho unapata sarafu za mtandaoni zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Nilikuwa katika kundi la waliowacheka wale waliopanga foleni, mpaka nikaongea na binamu yangu aliyelala nje kungoja zamu. Akaniambia, "Vidole vyangu serikali ilichukua bure. Hili jicho angalau limelipwa." Sikuwa na jibu la haraka. Kijana yule alijua anachouza. Hakuwa na kitu kingine cha kuuza wiki ile, basi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti, wakati watu zaidi ya 350,000 walikuwa wameshaandikishwa. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za miili zifutwe, ikisema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kutangulizwa zawadi si ridhaa halali. Binamu yangu alishatumia pesa zake zamani. Aliponiuliza kama jicho lake limerudi nilicheka, yeye hakucheka.

Turudi kwenye mistari yangu arobaini. Katika mifano yote hiyo, aliyeandikwa alikuwepo. Babu alikuwepo mbele ya karani, mama mbele ya wakala, binamu mbele ya tufe. Shangazi yangu hakuwepo. Mtoto wa jirani alibonyeza "Kubali" kwa niaba ya watu 300 na kitu waliokuwa katika simu yake: shangazi, mwalimu wake wa zamani, fundi wa bomba, mchungaji. Kikebe cha babu kilikuwa na habari za mwenye shingo tu. Sisi tulimtundikia mtu kikebe chenye habari za mtaa mzima, na aibu ikawa ndiyo dhamana ya mkopo. Ile ruhusa ya Android niliyoitegemea ilikuwa imeombwa kwa mtu asiye na haki ya kuitoa.

Mambo yamebadilika kiasi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwaweka wakopeshaji wa simu chini ya leseni na kuwakataza kuwasumbua watu walio katika orodha ya namba za mkopaji. Google nao, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, walipiga marufuku programu za mikopo kusoma namba na picha za mteja. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, wenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la namna hiyo. (Sikuwahi kufanya kazi huko, msianze kubahatisha.) Mimi niliondoka katika kampuni ile mwaka 2021. Kabla ya kuondoka niliomba namba za watu wasiokopa zifutwe. Nikaambiwa jambo hilo litaangaliwa. Namba ya shangazi iko wapi leo, mimi niliyeituma huko sijui.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama kwenye jengo moja mjini, kliniki ya macho ipo ghorofa ya tano. Siku hizi mlangoni hapo hakuna daftari. Mlinzi, kijana wa umri wangu, alikuwa na simu ya kupiga picha vitambulisho. Mama alitoa chake kwenye mkoba, akakishika bila kukiachilia, akauliza, "Hii picha inaenda wapi?"

"Mimi sijui, mama," kijana akasema kwa adabu. "Nimeambiwa nipige tu."

Mama akanigeukia mimi. Watu nyuma yetu walikuwa wameanza kulalamika, na saa ya miadi yake ilikuwa imepita dakika kumi.